Namba Iliyobaki Kwenye Fomu ya Zuhura

Neema mwanangu,

Sikuulizi hali, maana hali yako naisikia nikiwa hapa sebuleni. Unagombana na zipu ya begi, mama yako anakwambia upunguze sweta moja, nawe hutaki. Habari za kula, kulala, kutunza kitambulisho na kutokaa karibu na dereva ameshakwambia yeye, na kama nimehesabu vizuri amekwambia mara tatu tangu mchana. Huko sina la kuongeza. Mimi nakuandikia juu ya kompyuta.

Tangu Jumatatu umeniona nimeiinamia mashine hiyo kama fundi saa. Jana ulipita ukaniuliza, "Baba, haijaisha tu?" nikakujibu kwamba bado natoa takataka. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote. Kompyuta unayoondoka nayo kesho ndiyo iliyokuwa ikijaza fomu za watu dukani kwetu Tumbi, hapa Kibaha, na kuna mtu aliyekosa chuo kwa sababu ya kitu kilichobaki ndani yake, na zaidi kwa sababu yangu. Anaitwa Zuhura, wa Masaki kule Kisarawe. Jina hilo unalijua. Uliwahi kuniletea mwenyewe mkononi, nami nikakudanganya. Sitaki upande basi na mashine hiyo kabla hujayasikia haya kutoka kwangu.

Nianze na ujinga, kwa sababu uovu ulikuja baadaye.

Nilipofungua steshenari nilikuwa najua kuchapa tu. Mtu akilalamika kwamba kompyuta yake imekuwa nzito, nilikuwa naitazama, naona programu kumi na tano asizozitumia, nachukua alama ya mojawapo pale kwenye uso wa kompyuta, naiburuza mpaka kwenye pipa la taka, namgeukia mwenyewe: "Unaona? Imeondoka." Mtu anafurahi. Nilikuwa naitwa mtaalamu, na jina hilo lilinikaa vizuri. Siku moja Gasper, yule fundi mrefu aliyekuwa anatengeneza printa zetu, akanikuta nikifanya kazi hiyo. Alicheka mpaka akatafuta kiti. "Mzee," akasema, "umeng'oa kibao cha duka. Duka lenyewe lipo na linauza."

Akanionyesha orodha ya programu, mahali pa kubonyeza ili programu iondoke yenyewe kwa utaratibu wake. Kisha akaniambia jambo la pili, nikalisikia bila kulishika. Alisema programu ikiondolewa huwa inaacha vitu vyake nyuma. Inaacha folda za mipangilio, taarifa ilizokuwa imezihifadhi, pengine kipande kinachojiwasha kila unapowasha mashine, pengine kipande kilichojishikiza kwenye kivinjari cha intaneti. Vingine vinakaa kwenye folda zilizofichwa, ambazo usipoiamuru kompyuta izionyeshe huzioni. "Ukishaondoa, zima, washa, halafu fuata jina lake kila mahali," akasema. Nikamwitikia sawa, sawa, kama mtu anayeelekezwa njia asiyokusudia kupita.

Na kusema haki, siku moja nilijaribu kuipita. Ulikuwa darasa la saba, sijui kama unakumbuka. Niliondoa programu moja ya kuhariri picha, nikajitia ufundi, nikafungua folda zilizofichwa, nikaanza kufuta kila nisichokitambua. Kimoja kilikuwa cha printa. Dakika kumi baadaye wakaingia watu wawili wenye macho mekundu, wanataka ratiba ya mazishi nakala mia moja, mwili unatoka hospitali saa saba. Printa haikusema hata neno. Tuliandika ratiba ile kwa mkono, mimi na wewe, ukiwa na sare ya shule, tukaenda kutoa kopi duka la jirani ambalo siku zote nilikuwa nalisema vibaya. Uliandika namba za nyimbo kwa herufi nzuri kuliko zangu. Baada ya hapo nikajiwekea sheria kwamba kilichofichwa sikigusi. Niliiona ni sheria ya mtu mzima aliyeungua kidogo akapata akili.

Sheria hiyo ndiyo iliyomponza Zuhura.

Ulipomaliza kidato cha nne ukawa nyumbani ukisubiri matokeo, unakumbuka ulikuwa unanisaidia dukani, na nikakusajilia laini. Wakati huo mteja mmoja alituletea kwenye flashi programu ya kujaza fomu. Unaandika taarifa za mtu mara moja, halafu kila fomu ya mtandaoni inayokuja inajijaza jina, anwani, simu, kila kitu. Tukaijaribu kwa taarifa zako. Tulicheka kama watoto kuona kisanduku cha simu kinajijaza namba yako chenyewe. Tuliitumia wiki mbili hivi. Kisha ikaanza kuleta matangazo ya dawa za kupunguza tumbo, na siku moja ikayaleta mbele ya mzee wa kanisa aliyekuja kuchapa barua ya mchango, mwenye tumbo kweli, nikasema imetosha. Nikaiondoa kwenye orodha kama Gasper alivyonifundisha. Jina likapotea. Sikuzima, sikuwasha, sikufuata jina popote.

Wewe ukaenda kidato cha tano bweni, simu ukaiacha kwenye droo ya kabati, imezimwa.

Zuhura alikuja mwezi wa pili baada ya wewe kuondoka. Mama yake alikuwa amelazwa hapo hospitali, ng'ambo ya barabara, yeye akimuuguza, analala chini ya kitanda wodini. Alikuwa na miaka ishirini na saba, ameolewa, ana mtoto mmoja. Alikuwa amerudia mtihani wa kidato cha nne akiwa na mtoto mgongoni, akafaulu biolojia na kemia. Aliniambia alianza kutamani uuguzi mle mle wodini, kwa kuwaangalia manesi wanavyombeba mama yake bila kumuumiza. Alikaa mbele yangu na vyeti vyake kwenye mfuko wa nailoni, anajibu kila swali kwa sauti ndogo, kila jibu analisema mara mbili nisije nikakosea. Mtu mwangalifu kuliko mimi.

Tulipofika katikati ya fomu akaja mtu mbio kumwita kwamba mama yake anatapika. Akainuka. "Baba Neema, nimalizie tafadhali, nakuja sasa hivi." Akaacha mfuko mzima mezani kwangu, akavuka barabara akikimbia, kanga mkononi.

Nikamalizia. Ukurasa wa mawasiliano ulipofunguka, kisanduku cha simu kilikuwa kimejaa. Niliona tarakimu kumi, nikadhani nimeshaziandika. Nyuma yangu palikuwa na watu wanne wanataka kopi. Nikatuma. Aliporudi jioni nikampa nakala ya fomu, nikamwambia kila kitu kiko sawa, naye kwa kuwa nilimwambia kila kitu kiko sawa, aliikunja bila kuisoma. Wateja wengine wa siku zile walinusurika kwa kuwa walikaa mbele yangu wakizitaja namba zao na mimi nikiziandika. Yeye alikosa kwa kwenda kumshikia mama yake beseni.

Akarudi Masaki. Baada ya hapo alikuja dukani mara tatu kuulizia. Kutoka kule ni pikipiki mpaka Kisarawe mjini, halafu magari mawili, halafu kurudi. Kila mara nilimjibu lile lile: "Subiri, ukichaguliwa utapata meseji kwenye simu yako." Sikufungua hata mara moja kuangalia. Ilikuwa rahisi kusema hivyo kuliko kumtafutia paswedi yake kwenye daftari. Kumbe nyumbani alikuwa anakwenda asubuhi na jioni kwenye kichuguu nyuma ya shamba la mihogo, ndiko mtandao unakoshika, anasimama na simu yake anasubiri. Hilo nimelijua juzi tu.

Desemba ukaja likizo. Ukaiwasha ile simu. Nilikuwa nakula, ukaja ukasimama mlangoni.

"Baba, kuna meseji hapa. Inasema hongera Zuhura, umechaguliwa, thibitisha kwa namba hii ya siri kabla ya tarehe fulani. Ziko tatu. Huyu siyo yule dada wa Masaki uliyeniambia ana mama mgonjwa?"

Nilikuwa nimekuhadithia habari zake siku ya kuwatembelea shuleni, nikimsifia, ili na wewe ukaze buti. Niliichukua simu mkononi mwako. Niliisoma mara moja tu na nikaelewa kila kitu, Neema, mpaka ile programu nilielewa. Tarehe ya mwisho ilikuwa imepita wiki nyingi. Nikafuta ya kwanza, nikafuta ya pili, nikafuta ya tatu, nikakurudishia simu. Nikasema, "Hao matapeli. Siku hizi wanakutumia hongera halafu wanataka namba ya siri. Ukiziona futa."

Ulinitazama. Ukasema, "Sawa, baba." Ukaondoka.

Nimeishi na hiyo sawa yako karibu miaka miwili. Kuna siku najiambia uliniamini, mtoto anamwamini baba yake. Kuna siku naona ulinisitiri, maana meseji ilikuwa na jina lake kamili, na wewe si mtu wa kushindwa kusoma jina. Sijawahi kukuuliza kwa sababu majibu yote mawili yananitisha. Kama uliniamini, nilikutumia vibaya. Kama ulinisitiri, basi nilikufundisha nikiwa na tonge mkononi kwamba mtu akikosea kazini anasema ni matapeli, na aliye chini yake anajibu sawa. Unakwenda kusoma ufamasia. Iko siku utakuwa nyuma ya dirisha la dawa na watu wanne nyuma ya yule unayemhudumia. Hilo ndilo linaloninyima raha kuliko yote.

Usiku ule ule nilitoa nakala ya fomu yake kwenye folda ya wateja, nikaona namba yako imekaa pale kwenye sehemu ya simu. Ningeweza kupiga simu chuoni kesho yake, nikawaeleza, pengine wangempokea kwa dirisha lililofuata, pengine wasingempokea. Sikupiga. Nilijipa sababu nyingi na zote zilikuwa na sura nzuri: muda umepita, atakuja kuomba tena mwakani, nikisema watu hawataniletea tena vyeti vyao. Ukiziondoa hizo zote inabaki kwamba niliogopa. Januari alikuja mara ya nne. Nilimwona akivuka barabara, nikamwambia mama wa chapati wa jirani, "Mwambie nimesafiri," nikajifungia chooni. Nilimsikia akiuliza nitarudi lini. Mama wa chapati akasema hajui. Alikaa kwenye benchi letu kama nusu saa hivi, nami ndani nimesimama kwa sababu hakukuwa na pa kukaa. Hakurudi tena.

Nikajiambia yamekwisha.

Sasa wiki hii nikaamua nikupe mashine iliyo safi. Safari hii sikutaka kung'oa vibao. Nimeondoa programu moja moja. Kila nilipoondoa moja nilizima, nikawasha, nikalitafuta jina lake. Nilikagua orodha ya vinavyojiwasha, nikakagua vilivyojishikiza kwenye kivinjari, nikaiamuru ionyeshe folda zilizofichwa. Kila nilichotaka kukifuta nilikitafuta kwanza ni cha nani, na nisichokijua nikampigia Gasper, hata akanichoka. Ndiyo maana imechukua siku nyingi. Kazi hii haitaki haraka, na mimi maisha yangu yote ya dukani niliifanya mbele ya foleni.

Jumanne nikaifikia. Folda ndogo yenye jina la programu ile ya matangazo ya tumbo, imetulia kwenye sehemu iliyofichwa, na ndani yake faili moja. Nikalifungua kama barua ya kawaida. Mstari wa kwanza jina lako, mstari wa pili anwani yetu, mstari wa tatu namba yako. Na kwenye kivinjari kile kipande chake kilikuwepo bado, hai, kinasubiri fomu nyingine. Nilipofungua fomu ya majaribio, kikajaza. Nilikaa pale nikiitazama namba yako. Usidhani sasa nitaanza kukufananishia kompyuta na roho ya mtu. Hiyo nawaachia wahubiri, wanaiweza. Mimi nilichokiona ni kwamba nilikuwa na ushahidi mkononi, na kidole changu kilikuwa kwenye kitufe cha kufuta, na nilitaka kufuta. Hata sasa, mtu mzima mwenye mvi, nilitaka kufuta. Ulipita ukiimba ukielekea jikoni, nikatoa kidole.

Nimelihamishia faili hilo kwenye flashi, nikachapa nakala ya fomu yake. Kisha ndipo nikaliondoa kwenye mashine yako, pamoja na kile kipande. Haina kitu cha mtu mwingine tena. Nimehakikisha.

Juzi nilipowaambia naenda Kariakoo kufuata wino, sikwenda Kariakoo. Huo nao ni uongo, nakutajia ili hesabu ikamilike. Nilizungukia Pugu, nikaingia Kisarawe, nikachukua bodaboda mpaka Masaki. Nilidhani nitaulizia nyumba ya mume wake. Kijana wa bodaboda akasema, "Zuhura yupi, aliyerudishwa kwao?" Nikamwambia anipeleke huko kwao.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ya wazazi wake anamenya mihogo. Amekonda. Alinitambua kabla sijasema.

"Shikamoo, Baba Neema."

"Marahaba, Zuhura. Mama hajambo?"

"Mama alishatangulia. Mwaka jana. Karibu ukae."

Akanipa kigoda. Nikamweleza. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yakapotea yote, nikaeleza ovyo, programu, folda, namba, meseji, choo. Nilipofika kwenye meseji akaacha kumenya.

"Kwa hiyo mie nilichaguliwa."

"Ulichaguliwa."

"Mie nilijua nimefeli. Nikawaambia watu nimefaulu, majibu yasije, nikajua labda hata cheti changu nilikisoma vibaya." Akachukua muhogo mwingine, akauweka chini. "Hiyo namba ilikuwa ya nani?"

"Ya mwanangu. Neema."

"Alizisoma hizo meseji?"

"Alizisoma. Akaniletea. Akaniuliza kama siyo wewe. Mimi nikamwambia ni matapeli, nikazifuta."

"Alinitaja jina?"

"Alikutaja."

Kisha akasema taratibu, kama anayejiambia mwenyewe, "Basi kuna mtu mmoja aliniulizia." Nimekuandikia maneno hayo kama yalivyo kwa sababu ni yako. Na kama siku ile ulijua, ukasema sawa ili unisitiri, nakuomba usinisitiri tena, wala mimi wala bosi yeyote utakayempata. Nigombeze. Nitakasirika, nitapaza sauti, unanijua, halafu itapita.

Akanieleza yaliyompata. Zile safari za kuja Kibaha kuulizia fomu, mume wake alianza kuzihesabu. Mke anaaga anakwenda kufuata majibu ya chuo, anarudi jioni hana majibu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Mama mkwe akasema chuo gani hicho kisichojibu. Ikawa Kibaha ana mwanaume. Alipowaonyesha nakala ya fomu, shemeji yake aliyesoma akaipigia ile namba iliyoandikwa, akakuta haipatikani, na siyo ya Zuhura. Wakamuuliza namba hiyo ni ya nani. Jibu angelitoa wapi? Tangu hapo yuko kwa wazazi wake, na mtoto wamebaki naye kule. Namba yako, mwanangu, ndiyo waliyoisimamia kumwita malaya.

Nimekaa na watu wengi waliofiwa pale dukani, nimechapa ratiba zao, najua maneno ya kusema. Pale hayakufaa. Nilisema nisamehe, na nilisikia lilivyokuwa dogo. Akarudia kumenya, na sikumlaumu.

Baadaye akasema wazee wa pande mbili wanakaa kuzungumza habari yake, ndiyo mwisho, ama arudi ama apewe talaka na mtoto abaki huko huko. Nikamwambia nitamwandikia maelezo yote, nitayachapa vizuri, nitapiga mhuri wa duka, ayapeleke.

"Karatasi ya steshenari?" Alitabasamu kidogo, tabasamu ambalo sikulipenda. "Watasema nimeiandikisha. Kwani si ndiyo kazi yenu hiyo, kumwandikia mtu anachotaka? Njoo na mdomo wako."

"Nitakuja. Lini?"

"Jumamosi, saa tatu asubuhi."

Na mimi, kabla sijafikiri, kwa ile furaha ambayo nimekuwa nayo tangu majina yenu yatoke, nikamwambia, "Jumamosi mwanangu anasafiri. Anaanza chuo."

Zuhura akaniangalia. Hakukuwa na hasira usoni kwake, ningependa ingekuwepo.

"Hata mie nilikuwa na safari, Baba Neema."

Nikamwambia nitakuwepo kabla ya saa tatu.

Basi lako linapita saa tatu hiyo hiyo. Mama yako nimeshamweleza, amelia, amenisema maneno ambayo nilistahili, na yeye ndiye atakayekupeleka stendi. Mimi nitaondoka kukiwa bado na giza, wakati umelala. Nilitaka sana kuwa pale kesho, Neema. Nilitaka nikubebee begi, nikuone unakaa dirishani, niwaambie watu wa stendi kwamba huyu ni wangu. Wakati unapanda, mimi nitakuwa kwenye mkeka mbele ya wakwe za Zuhura, nikiwatajia namba yako, na kuwaambia ni ya nani.

Baba yako.